Aziba Matundu ya Pleti Namba, Kazi Yampeleka Texas!
Kijana mmoja wa Kibongo huko Columbus, Ohio, alikerwa na kishikio cha pleti namba kwenye bampa la mbele, eti kinamharibia picha za Insta. Tangu Julai 2020 jimbo hilo halidai tena namba ya mbele, hivyo akang'oa skrubu mbili. Yakabaki matundu mawili. Vizibo vya plastiki vya rangi ya gari vingetosha, tena bei chee. Yeye akataka yajazwe, yapigwe msasa, bampa zima lipakwe rangi upya. Hela yenyewe ilikuwa ya kumtumia mama nyumbani. Baadaye akapata kazi Texas, ambako namba ni mbele na nyuma. Bampa likatobolewa tena. Mama bado anasubiri. Jamani, ingekuwa wewe?