Chungu Hugongwa Kabla ya Kununuliwa



Swali moja limekuwa likirudi katika mikutano yetu. Kwa nini foraji mbili zichimbwe katika kartiye moja, ya kwanza itoe maji matamu mwaka mzima, na ya pili ikauke katikati ya kiangazi, au itoe maji ya chumvi ambayo hata sabuni inakataa kutoa povu? Wengine wanasema ni bahati. Wengine wanasema ni mkono wa mtu. Sisi tuliona afadhali kuwauliza wanaofanya kazi ya kuchimba, kisha tukasoma, na tulichopata tunawagawia hapa, kwa kuwa ni jambo la kila anayebeba bidoni kichwani.

Jibu fupi ni hili: ardhi ya Uvira haifanani hata kwa hatua hamsini. Tumebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Mito yetu, Mulongwe, Kalimabenge na mingineyo, imeshusha mawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi kwa miaka mingi mno, ikavitandika tabaka juu ya tabaka. Mchanga na changarawe hushika maji na kuyaachilia. Mfinyanzi huyashika na kuyanyima. Mwamba mgumu hauna maji ila kwenye nyufa zake. Anayechimba bila kujua yuko katika tabaka gani ni kama mtu anayetafuta sindano usiku bila taa.

Sasa, mtu anajuaje kilicho ndani ya shimo lenye upana wa sahani na kina cha mita mia? Macho hayafiki. Lakini masikio yanafika.

Kila mama anajua kununua chungu sokoni. Hatumwulizi muuzaji kama ni kizima. Tunakiinua, tunakigonga kwa kidole, tunasikiliza. Kizima hulia vizuri. Chenye ufa hulia kama mtu mwenye kikohozi. Wahandisi wa visima wanafanya jambo hilohilo kwa mwamba. Wanashusha ndani ya shimo, kwa kamba ndefu ya waya, chombo chembamba kama mchi. Upande mmoja wa chombo kuna kitu kinachopiga sauti; mbali kidogo kuna masikio mawili au zaidi yaliyopangwa kwa umbali unaojulikana. Sauti inatoka, inapita katika maji au tope lililojaa shimoni, inaingia kwenye ukuta wa mwamba, inakimbia ndani yake, kisha inarudi kwenye masikio. Chombo kinahesabu imechukua muda gani kutoka sikio la kwanza hadi la pili. Kinavutwa juu polepole, na kila hatua kinaandika hesabu yake, mpaka shimo lote limesomwa kama kitabu.

Siri iko kwenye mwendo. Katika hewa sauti hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde moja. Katika maji ni karibu mita 1,500. Katika mwamba mgumu usio na nyufa, kama granite, inaweza kufika mita 5,000 na zaidi. Mchanga uliolegea na kujaa maji huichelewesha sauti, mwendo wake hauzidi sana ule wa maji yenyewe. Kwa hiyo sauti ikifika haraka, jiwe ni gumu na limeshikana. Ikichelewa, kuna matundu, na ndani ya matundu huenda kuna maji, mafuta au gesi.

Kuna zaidi ya hapo. Sauti haiendi kwa namna moja tu. Wimbi la kwanza husukuma mbele, kama watu waliosimama mstari kwenye bomba na wa nyuma akamsukuma wa mbele yake. Wimbi la pili hutikisa kwa upande, kama kamba ya kuanikia nguo, na hilo linakwenda polepole zaidi. Wimbi la pili haliwezi kabisa kupita ndani ya maji. Linahitaji kitu kilichoshikana. Kwa kulinganisha mawimbi hayo mawili, na kujua uzito wa jiwe, wahandisi wanapima ugumu wake: litasimama imara, au litamomonyoka na kufunga shimo? Tena kuna wimbi linalotambaa kwenye ukuta wa shimo. Likikuta ufa ulio wazi linapoteza nguvu, na hapo ndipo maji ya mwamba hupatikana.

Sauti hiyohiyo inakagua kazi ya fundi. Baada ya kuchimba kisima kirefu cha mafuta au gesi, watu huingiza tuyo ya chuma na kumwaga simenti kati ya tuyo na mwamba, ili kilicho chini kibaki chini na kilicho juu kisishuke. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wazee, na ndivyo ilivyo: mahali ambapo simenti haikushika, tuyo inalia kwa nguvu, mahali iliposhika vizuri, sauti inanyamaza. Gonga sufuria tupu, kisha igonge ukiwa umeikumbatia, utasikia tofauti.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1927, huko Pechelbronn, Ufaransa, kampuni ya ndugu wawili, Conrad na Marcel Schlumberger, ilipima kisima kwa umeme kwa mara ya kwanza. Vyombo vya kupima kwa sauti vilikuja kushika njia katika miaka ya 1950.

Na wamama, msidhani mambo haya yako mbali nasi. Ziwa letu, lenye kina kinachofika mita 1,470, lilisikilizwa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakiongozwa na Bruce Rosendahl, walipita juu ya Tanganyika wakipiga sauti majini na kunasa mwangwi wake. Waligundua kwamba chini ya maji kuna kilomita kadhaa za tope na mchanga uliolala juu ya mwamba uliovunjika. Lakini mwangwi hutoa muda tu, hautoi mita. Ili kujua kitu kiko mita ngapi chini, lazima ujue sauti inakimbiaje katika kila tabaka, na pa kulipima jambo hilo kwa hakika ni ndani ya shimo. Ndiyo maana anayetafuta mafuta, baada ya kusikiliza kutoka juu, hatimaye hutaka kuchimba.

Walichimba, ng'ambo tu ya mto. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili katika bonde la Ruzizi upande wa Burundi, Buringa na Rusizi. Mafuta ya kuuza hayakupatikana. Hata hivyo hamu haikuisha. Mwezi wa Julai 2022 serikali yetu ilitangaza mnada wa sehemu 27 za mafuta nchini, na 11 kati yake zilikuwa katika bonde la Tanganyika. Mwezi wa Oktoba 2024 mnada huo ulifutwa. Uliofutwa leo unaweza kuandikwa tena kesho.

Hatusemi mafuta yasitafutwe kamwe. Hilo ni neno la kuzungumzwa na wote. Tunasema tu kwamba ndagala na mukeke tunaouza, maji tunayopikia na kuogeshea watoto, vyote vinatoka katika ziwa hilohilo. Siku mtu atakapokuja kutuambia kwamba kisima chake hakitavuja, tutakuwa na la kumwuliza: simenti ilisikilizwa? Nani aliisikiliza? Karatasi iko wapi, na nani atatusomea kwa lugha tunayoielewa?

Maswali ya namna hiyo tuyaanze nyumbani, kwenye foraji zetu za maji. Ni kweli kwamba chombo cha sauti ni cha bei kubwa, na kwa visima vya maji vya mitaani mara nyingi hakiletwi. Wachimbaji wengi hupima kwanza kwa umeme juu ya ardhi, kisha huangalia udongo unaotoka shimoni na kuona chuma kinashuka haraka au polepole. Hiyo nayo ni elimu, mradi ifanywe kweli na iandikwe. Katika mtaa mmoja wetu walikuja watu, wakachimba siku mbili, wakapiga picha, wakaondoka. Pompi ilitoa maji miezi michache, kisha tope. Tulipotafuta karatasi inayoonyesha walipita katika udongo gani na kwa mita ngapi, hakuna aliyekuwa nayo. Kwa hiyo hata fundi mwingine akija, ataanza upya gizani, na fedha zitazama tena.

Mjini kwetu jambo hili ni la uhai. Hatujasahau Aprili 2020, mito ilipofurika, ikachukua watu na nyumba, na maji ya bomba yakavurugika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu Uvira ulionyesha kwamba bomba likikauka, wagonjwa wa kolera wanaopokelewa huongezeka katika siku zinazofuata. Foraji nzuri inaweza kuokoa mtoto siku hizo. Foraji ambayo sehemu yake ya juu haikuzibwa kwa simenti, ikiwa jirani na choo, inaweza kumletea ugonjwa mezani.

Basi tumekubaliana maswali manne ya kumwuliza yeyote anayekuja kuchimba katika kartiye zetu, awe na fedha za nani. Ulipima nini kabla ya kuanza? Utaandika tabaka zote, mita kwa mita, na kutuachia nakala? Pompi itajaribiwa saa ngapi mfululizo ili tujue maji yanarudi kwa kiasi gani? Maji yatapelekwa laboratwari, na sehemu ya juu ya kisima itazibwa mpaka mita ngapi?

Kwa mkutano ujao, tunaomba kila avenue ilete orodha ya foraji zake: iko wapi, ilichimbwa mwaka gani, ina mita ngapi, inatoa maji au imekufa, na ladha yake ikoje. Asiyejua kuandika aje na binti yake wa shule. Waulizeni pia wazee waliokuwapo siku ya kuchimba, maana wengine wanakumbuka vizuri rangi ya udongo uliotoka. Tutayaweka yote katika daftari moja la chama, na daftari hilo litakuwa la kwanza kufunguliwa kila fundi atakapobisha hodi.