Kwa Baiskeli Kutoka Foinike Hadi Bandari Nzuri

Wengi wetu tumeisoma sura ya 27 ya Matendo ya Mitume mara nyingi, na tukiulizwa habari zake tutakumbuka tufani, shehena iliyotupwa baharini, na meli iliyovunjika kule Malta. Mistari ya mwanzo, inayotaja pwani ya Krete, huwa tunaipita haraka. Ndugu msomaji, mahali hapo papo hata leo. Bandari Nzuri bado inaitwa hivyo hivyo kwa Kigiriki, Kaloi Limenes, na baiskeli inafika.

Tulikuwa wanne, mabwana wawili na wake zao, wote tuliokwisha kuvuka miaka arobaini. Tulisafiri mwezi wa Mei, tukianza magharibi kwenda mashariki, yaani kinyume cha njia ambayo meli ya Paulo ilitaka kuifuata.

Krete ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Kina urefu wa kilomita 260 hivi, lakini ni chembamba, na katikati yake imejipanga milima mirefu. Milima Meupe inafikia mita 2,453, na Psiloritis mita 2,456. Miji mikubwa, viwanja vya ndege na barabara kuu viko kaskazini. Upande wa kusini milima inaangukia baharini moja kwa moja, nayo imepasuliwa na makorongo, hivyo barabara haiwezi kuifuata pwani. Inapanda, inashuka, inapanda tena. Kilomita 40 za huko huchosha kuliko 80 za tambarare, na anayepanga safari kwa kuangalia ramani tu atalala njiani.

Sfakia

Kutoka mji wa Chania tulipanda hadi uwanda wa Askyfou, kama mita 700 juu ya bahari, kisha tukateremka kwa kona za kujikunja hadi kijiji cha Chora Sfakion. Hapa breki ni uhai. Tulisimama mara tatu ili magurudumu yapoe na vidole vipumzike, na kila tuliposimama bahari ilikuwa imesogea karibu. Njia hii ndiyo waliyoishika askari wa Uingereza, Australia na New Zealand mwishoni mwa Mei 1941, walipokuwa wakiwakimbia Wajerumani. Manowari za Kiingereza ziliwachukua usiku kuwapeleka Misri. Maelfu waliobaki walichukuliwa mateka. Ukumbusho wao upo hapo kijijini.

Kesho yake tulipanda Anopolis, kilomita 12 za kona tupu. Mbele kidogo kuna daraja la Aradena, lililojengwa mwaka 1986 juu ya korongo lenye kina cha mita 138. Sakafu yake ni mbao juu ya chuma, na mbao hizo hugonga kwa kishindo kila gari linapopita. Wawili kati yetu walivuka wakiendesha. Wawili walishuka wakakokota, macho yakiwa mbele, na hakuna aliyewacheka.

Huko juu ndiko tulikoielewa ramani ya Paulo. Chini yetu kilionekana kijiji cha Loutro, ambacho wataalamu wengi wanakitambua kuwa Foinike, bandari ambayo mabaharia walitaka kukaa wakati wa baridi. Mpaka leo hakina barabara. Unafika kwa mashua au kwa miguu. Mbali kusini kilionekana kisiwa cha Gavdos, ndicho Kauda cha Biblia, ambacho meli ilipita karibu nacho ikiwa imekwisha kushindwa na upepo.

Jioni tulikula chapati nyembamba ya Sfakia. Unga unafungwa na jibini laini katikati, unasukumwa, unakaangwa kwenye kikaango kikavu, kisha unamiminiwa asali ya nyuki waliolishwa maua ya mlimani. Akina mama, jaribuni nyumbani. Jibini lolote jeupe lisilo na chumvi nyingi litafaa.

Upepo wa Plakias

Siku ya tatu tulipita Frangokastello, ngome ya Waveneti ya karne ya 14 iliyosimama ufukweni peke yake, tukapanda Rodakino, tukashukia Plakias kabla ya jua kuzama. Usiku upepo ukaanza.

Upepo huu unatoka kaskazini. Unapanda milima, halafu unamiminwa baharini kupitia makorongo kama maji katika mfereji. Asubuhi tuliona ukiinua maji kutoka juu ya bahari na kuyapeperusha kama vumbi jeupe. Luka anaandika kwamba upepo wa Paulo ulishuka kutoka kisiwani, neno ambalo hatukuwahi kulitilia maanani. Sasa tuliliona.

Watatu wetu walitaka kuendelea. Chumba cha usiku unaofuata kilikuwa kimelipiwa, na siku zilikuwa zimehesabiwa. Mmoja, dada yetu mkubwa katika msafara, alikataa kabisa kuingia korongoni. Tulibishana kwa muda mrefu kuliko inavyowafaa watu waliotoka kuomba pamoja. Hatimaye mama mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa akisikia sauti bila kuelewa lugha, alikuja na kahawa, akaonyesha mlima, akaonyesha baiskeli, kisha akalaza kiganja chake mezani kwa nguvu. Tukabaki.

Mchana upepo uliangusha pikipiki mbili zilizokuwa zimeegeshwa mbele ya duka la mkate. Siku hiyo tuliilipa: hatukuliona kanisa la Mtakatifu Tito mjini Heraklion, ambalo fuvu la Tito lilirudishwa mwaka 1966 kutoka Venice, lilikokuwa tangu karne ya 17.

Kwenda Bandari Nzuri

Upepo ulipotulia tulipita monasteri ya Preveli, ambayo watawa wake waliwaficha askari mwaka 1941 hadi nyambizi ikaja kuwachukua. Mabega na magoti lazima yafunikwe, na kanga tulizozifunga juu ya suruali zetu zilitufaa sana. Spili tulijaza chupa kwenye chemchemi inayotoka vinywani mwa simba wa mawe. Kisha Agia Galini, kisha uwanda wa Messara wenye mizeituni, ambapo kwa mara ya kwanza tulitumia gia kubwa.

Wanaume kwa wanawake wa kijiji kimoja walitujazia machungwa katika mifuko ya baiskeli na kukataa pesa. Katika waraka kwa Tito watu wa Krete wanasemwa vibaya sana. Sisi hatukukutana na watu hao.

Kutoka Messara inabidi kuvuka milima ya Asterousia, mikavu, yenye mbuzi na mizinga ya nyuki. Unapanda kwa jasho, halafu ghafla bahari iko chini ya miguu yako. Anayetarajia mahali pa picha za kalenda atashangaa: kwenye kisiwa kidogo mbele ya bandari yamesimama matangi makubwa ya mafuta ya meli. Kuna kanisa dogo la Mtakatifu Paulo, mikahawa michache, na ufukwe wa kuogelea.

Tuliketi tukafungua sura ya 27, tukainua macho. Ghuba imefunguka upande wa mashariki, na visiwa vidogo vinaikinga kwa sehemu tu. Nahodha alisema haifai kukaa wakati wa baridi, na ukiitazama kwa macho ya mtu mwenye meli mkononi mwake, hakuwa mpumbavu. Foinike haikuwa mbali, na upepo mwanana wa kusi ulikuwa unavuma. Tulikuwa tumekuja tukidhani tunajua nani katika habari ile alikuwa na akili na nani hakuwa nayo. Tulikaa pale hadi mwenye mkahawa alipoanza kukusanya viti, bado tukibishana, safari hii bila hasira.