Shamba Lako Liko Wapi?

Mama yule aliingia dukani mwezi wa Desemba, mvua ikimchuruzika mabegani. Alitaka mbegu ya mahindi. Nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye duka lile la pembejeo, karibu na Soko Kuu la Songea, na maelezo yote nilikuwa nimeyakariri. Nikamtajia aina za mbegu, magunia kwa ekari, ipi inastahimili ukame na ipi ina punje nzito. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha fundo la khanga alilokuwa ameanza kulifungua akalikaza tena, akasema, "Asante mwanangu, nitarudi."

Hakurudi. Mzee mwenye duka alikuwa nyuma yangu akihesabu mifuko ya Urea. Akaniuliza, "Shamba lake liko wapi?" Sikujua. "Ekari ngapi?" Sikujua. "Ameshatifua, au ndiyo anaanza?" Sikujua. "Sasa, kijana, ulikuwa unamuuzia nani?"

Swali hilo nimeishi nalo miaka yote niliyofanya kazi hii. Ukinunua kitambaa unakishika. Ukinunua samaki unamfunua shavu. Lakini mbegu ya mahindi imefungwa kwenye pakiti ya kilo 2, imepakwa dawa yenye rangi, na hata ukiimwaga kiganjani haikuambii kitu. Mkulima ananunua neno lako. Analifukia ardhini, na miezi minne au mitano baadaye shamba zima linasimama kumweleza kama ulisema kweli. Na huku kwetu shamba ndilo ada ya shule na bati la nyumba. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi hii mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa.

Nikaanza upya, kuanzia salamu. Mimi ni Mhehe, nimekuja Songea kutafuta maisha, na Wangoni wa huku ni watani wetu tangu babu zetu walipopigana katika karne ya 19. Wazee waliponitambua waliniamkia kwa Kihehe, "Kamwene, mtani!" tangu mlangoni, wakataka niwape mbegu bure kwa madeni ya vita vile. Mwanzoni niliona wananichelewesha. Baadaye nikaelewa kwamba mzee anayekutania anakupima: ana dakika kumi za kukutazama usoni kabla hajatoa hela yake ya mwaka mzima. Nikaacha kuharakisha. Katikati ya utani ndipo aliposema mwenyewe kwamba shamba lake lina kichanga, au kwamba mwaka jana viwavijeshi walimmaliza.

Nikanunua daftari. Kila mteja nilimwandikia jina, kijiji, ekari, siku aliyopanda, mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia. Nikawaonyesha pia jinsi ya kukwangua lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kwa ukucha na kuhakiki namba yake kwa simu, hata kwa mbegu waliyonunua duka jingine.

Lakini kosa kubwa lilikuwa mbele yangu. Mwaka mmoja, katikati ya Januari, baba mmoja wa Mletele alikuja akiwa amechelewa; alikuwa ameuguza nyumbani. Nilikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu. Nikampa mbegu inayochukua muda mrefu kukomaa, maana ndiyo iliyokuwa imebaki nyingi. Mwishoni mwa Aprili mvua zikakata mahindi yake yakiwa bado maziwa. Nikaangalia kwenye daftari siku aliyonunua, nikapiga hesabu, mwili ukanisisimka.

Nilipanda bodaboda nikaenda. Nilimkuta amekaa kwenye jamvi. Akanipeleka shambani bila kusema neno, akamenya hindi moja, akanipa mkononi. Punje zilikuwa zimesinyaa kama meno ya mtoto yaliyoanza kutoka. Nikamwambia, "Baba, nilipaswa kukuuliza unapanda lini. Sikukuuliza." Akajibu, "Na mimi sikukwambia." Tukarudi kimya. Hakunitukana, na bado naona ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Msimu uliofuata hakuja. Niliumia, lakini sikumtafuta ili nimshawishi. Mtu aliyepoteza chakula cha watoto ana haki ya kununua anakotaka.

Ruzuku ya mbolea iliporejea msimu wa 2022/23, mfuko wa Urea ukawa na bei elekezi. Wenzangu wa madukani walilalamika kwamba sasa hakuna cha kushindania. Mimi niliona kwamba kimebaki kile kimoja ambacho tangu mwanzo ndicho kilichokuwa chetu: neno letu. Wazee walikuja na simu zenye ujumbe wa namba za ruzuku wasioweza kuusoma. Nikawasomea taratibu, namba kwa namba, wakiwa wamekaa kwenye benchi.

Kwenye benchi hilo ndipo nilipomwona yule baba wa Mletele, mwezi wa Novemba. Nikamwamkia, akaitikia. Hakuuliza mbegu. Aliuliza mvua za mwaka huu naziona zitakuwaje. Nikatoa daftari la zamani, nikafungua ukurasa wake: ekari mbili na nusu, mteremko, amenunua Januari 18.

Akainama, akaweka kidole juu ya jina lake.

"Mwaka huu," akasema, "nimeshatifua."

Nikachukua kalamu.