Kwenda Mkwakwani kwa Njia ya Machungwa

Chungwa la Muheza huiva likiwa kijani. Mgeni hulikataa, anataka la njano. Muuzaji habishani naye: anachukua kisu, anamenya ganda kwa ukanda mmoja usiokatika, anakata kichwa, anakupa. Ukishalifyonza huulizi tena habari ya rangi. Nilianzia hapo, kando ya barabara kuu, asubuhi ya siku ya mechi, kwa sababu timu ya Tanga naielewa vizuri zaidi nikiwa Muheza kuliko nikiwa Tanga mjini.

"Mgosi, wenda mpirani?" aliniuliza mzee mmoja aliyevaa kofia ya kitambaa na fulana nyekundu iliyopauka mpaka ikawa ya waridi.

Mgosi. Kwa Wabondei, wenye nchi hii ya vilima vya chini, neno hilo ni mwanamume, na kaya ni nyumbani. Coastal Union, klabu ya soka iliyozaliwa Tanga mjini mwaka 1948, ina jina la Kiingereza kwenye karatasi za usajili, lakini jukwaani inaitwa Wagosi wa Kaya. Mji wa bandari umekuja kuazima jina huku shambani! Watu wa Ngamiani, kule Tanga mjini, watakwambia wagosi ni wa mkoa mzima, na ni kweli, ila Muheza wanajua lugha ni ya nani.

Tulipanda Coaster pamoja. Njia hii ni ya zamani: reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza 1896, na kwa miaka kadhaa Muheza ndiyo ilikuwa habari kubwa ya reli yote. Siku hizi ni lami. Nyuma yetu milima ya Usambara Mashariki ilikuwa imevaa ukungu upande wa Amani. Mbele ikaja Ngomeni, kisha Pongwe, mkonge umesimama kwa mistari kama askari wa gwaride, minazi ikizidi kila kilometa. Kondakta aliingiza nyavu mbili za machungwa chini ya viti. Mzee akasema nyavu hizo angalau huwa zinajaa.

Ana haki ya uchungu. Mwaka 1988 Coastal ilikuwa bingwa wa ligi, na Juma Mgunda alikuwa mmoja wa wachezaji wa kizazi kile. Kisha likaja jambo ambalo sijui mkoa mwingine uliolipata: mwisho wa msimu wa 2015/16, timu tatu za Tanga, yaani Coastal, watani wao African Sports, na Mgambo ya JKT, zilishuka daraja kwa pamoja. Tatu! Mzee alihesabu kwa vidole, akavikunja vyote, akatazama nje mpaka tulipopita Pongwe.

Coastal ilirudi Ligi Kuu mwaka 2018. Mwaka 2022, Mgunda akiwa kocha, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, Abdul Suleiman "Sopu" akaifunga Yanga mabao matatu peke yake, mchezo ukawa 3-3, na Yanga ikachukua kombe kwa penalti. Mzee alisimulia mabao yote matatu. Penalti hakuzigusa.

Mkwakwani wenyewe ni uwanja wa CCM, kama viwanja vingi vya mikoani, na hauna fahari ya kumtisha mtu. Uzuri wake ni kwamba uko mjini. Unashuka stendi ya Kange, unachukua bodaboda au, ukitaka kuwa mtu wa Tanga kweli, baiskeli, na muda si muda unasikia ngoma za mashabiki. Nyasi zake zimekanyagwa na wakubwa: mwaka 2023 pekee uliandaa fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga na Azam, na Ngao ya Jamii ambayo Simba waliinyakua kwa penalti mbele ya Yanga. Ukitaka kuona soka ya kesho, nenda Mnyanjani, hapo hapo Tanga, TFF ilikojenga kituo chake cha ufundi. Na Muheza nayo haikukaa nje ya uwanja: mbunge iliyemchagua 2020, Hamis Mwinjuma, ambaye vijana wanamjua zaidi kama MwanaFA, alifanywa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo mwaka 2023.

Siku hiyo upepo wa bahari uliingia kipindi cha pili, ukachanganyika na harufu ya mishikaki na maganda ya machungwa yaliyorundikana chini ya jukwaa. Mzee alimenya lake kwa kucha, taratibu, bila kuondoa macho uwanjani.

Tulirudi na gari la jioni. Muheza ilikuwa imewasha taa za vibatari juu ya matenga. Kabla gari halijasimama sawasawa, mama muuza machungwa alishafika dirishani.

"Ngapi ngapi?"

Mzee alitoa mkono nje, akanyoosha kidole kimoja, akakirudisha, akanyoosha tena.

"Moja moja," mama akawageukia wenzake. "Wagosi wamepata sare."