Ni Dada Tu

Fomu ilitaka maneno 500. "Tueleze wewe ni nani," ilisema, na chini yake, kwa maandishi madogo: tumia nafsi ya kwanza. Ilikuwa fomu ya kuomba ufadhili wa shahada ya umahiri katika chuo kimoja cha nje, na nilikuwa nimebakiwa na siku tisa. Vyeti nilishavipakia. Barua za walimu wawili zilishafika. Kilichobaki ni mimi.

Sikuwa nimezoea kuulizwa. Kwetu mtu huingia chuo kikuu kwa matokeo yake ya kidato cha sita. Unachagua kozi, wanatazama tahasusi yako na pointi zako, jina linatoka au halitoki. Hakuna anayetaka kujua ulilelewa na nani. Na ukishaingia, unafundishwa kujiondoa. Katika ripoti yangu ya utafiti ya mwaka wa tatu nilijiita "mtafiti" kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Mtafiti alikwenda uwandani. Mtafiti alikusanya data. Siku moja mtafiti alinyeshewa kule Katumba, kwenye mashamba ya chai, mpaka hojaji zikalowa, lakini hilo halikuingia kwenye ripoti.

Kwa hiyo rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Mwombaji alizaliwa wilayani Rungwe." Nilipoisoma kwa sauti nilijicheka. Nikafuta, nikahamia kwenye wingi. Sisi wa Tukuyu tumelelewa kusaidiana. Sisi tunakula pamoja, tunazikana pamoja. Nilijipendeza. Nikamleta hadi Monica Wilson, yule mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini ambaye kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, kinaeleza vijiji vya rika vya Wanyakyusa wa zamani: wavulana wakifika kama miaka kumi walihama nyumba za baba zao, wakajijengea vibanda na wenzao wa umri mmoja, na kijiji kile kikakua pamoja nao mpaka wakaoa na kuzaa humo. Nilikisoma kitabu hicho maktaba nikiwa mwaka wa pili, nikishangaa kuwajua babu zangu kupitia kwa mgeni. Sasa nikakitumia kuhitimisha kwamba kwetu mtu hasemi "mimi".

Ulikuwa uongo. Nimekulia Tukuyu. Nimewasikia watu wakisema "mimi" kwenye mpaka wa shamba, kwenye baraza la ardhi, na kwenye daftari la michango ya msiba pale jina linaposahaulika.

Nilikuwa nyumbani wakati huo, mwezi wa nne, 2024. Mvua ilikuwa ile yetu, inayonyesha asubuhi, mchana ikapumzika, jioni ikarudi. Dada yangu alikuwa jikoni anamenya ndizi za mbalaga. Akaniambia nimsomee hicho kinachoninyima usingizi.

Nilikuwa nimeandika kwa Kiingereza, kwa hiyo nikawa namtafsiria sentensi moja baada ya nyingine. Nilipofika mahali pa shule nikasoma: "Changamoto zilikuwepo, lakini ada ililipwa."

Kisu kikasimama. "Ililipwa na nani?"

"Na wewe, dada."

"Sasa mbona hujasema?"

Sikuwa na jibu. Nilijiunga na kidato cha tano mwaka 2017. Elimu bila ada ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla, lakini iliishia kidato cha nne. Ada ya kidato cha tano na sita ilikuja kufutwa mwaka 2022, mimi nimeshapita. Bweni la serikali lilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Juu yake kulikuwa na godoro, ndoo, michango na nauli. Dada alikuwa amemaliza kidato cha nne miaka mitatu kabla yangu, matokeo hayakumpeleka mbele, akaanza kununua mikungu mashambani na kuiuza Kiwira kwa malori yanayoshuka Dar es Salaam. Mikungu ile ndiyo iliyokuwa ada yangu.

Usiku ule nikaandika upya. Nikamweka dada kwenye mvua, mkungu kichwani, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Niliandika vizuri, hata mimi machozi yalinilenga. Kesho yake nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, lakini kile kicheko hakikuwa cha kufurahi.

"Huyo maskini ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi mfanyabiashara. Mwaka ule siku nzuri nilikuwa napakia mikungu arobaini. Hao wazungu wako wakinisoma hivyo si watanitumia nguo? We mtoto, andika ya kwako. Mimi nikiulizwa, nitajieleza mwenyewe."

Ya kwangu. Nilikaa nayo siku mbili. Nilijua ni ipi, na nilijua kwa nini nilikuwa nimezunguka kote huko, kwa "mwombaji", kwa "sisi", kwa "ililipwa", ili nisiifikie.

Ilikuwa Jumapili ya kutembelewa, muhula wa pili wa kidato cha tano. Dada alikuja shuleni moja kwa moja kutoka kwenye malori, amevaa yeboyebo, khanga imelowa, na kichane cha ndizi mbivu mkononi. Nilikuwa getini na marafiki wawili, watoto wa mjini, ambao wazazi wao walikuwa wamekuja na gari. Mmoja akauliza, "Nani yule?"

Nikasema, "Ni dada tu, wa nyumbani."

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Dada ni yule mliyetoka naye tumbo moja. Dada pia ni yule anayelipwa kuosha vyombo na kulea mtoto. Sikusema neno hata moja la uongo. Nilijua tu watachukua maana ipi, na nikawaachia. Wakazipokea ndizi, wakasema asante dada. Kisha mmoja wao, bila ubaya wowote, akampa kikombe chake kichafu aende akakisuuze bombani. Dada akanitazama. Nikatazama gari la watu. Akaenda, akakisuuza, akakirudisha.

Kwa miaka sita nilikuwa nikijisimulia tukio lile kwa wingi. Tulikuwa watoto. Tulikuwa tunaona aibu za kijinga. Lakini marafiki zangu hawakuona aibu yoyote. Hawakuwa na sababu. Aliyeona aibu alikuwa mtu mmoja. Ile "sisi" niliyodhani ni unyenyekevu wa kwetu ilikuwa mahali pa kujificha, na nilikuwa nimewasingizia kijiji kizima na kitabu cha mwaka 1951 ili nipate pa kukaa.

Niliogopa nafsi ya kwanza kwa sababu nilidhani ni ya kujisifu: niliongoza, nilianzisha, nilishinda. Nadhani wengi wetu tunaojaza fomu hizi tunadhani hivyo, ndiyo maana zinatushinda au tunazijaza majigambo. Kumbe ni kama kutia saini. Unasema jambo, na mtu akiuliza ni nani, upo.

Nikaandika: nilimkana. Kwa Kiswahili ni neno moja, na wote wawili tumo ndani yake.

Sikutaka kuituma kabla hajaisikia. Nikamsomea mara ya tatu, jioni, mvua imerudi. Nilipofika kwenye kikombe sauti ikanikauka, nikamalizia hivyo hivyo. Dada alikuwa anakoroga chungu. Alikoroga kwa muda mrefu kuliko mbalaga inavyohitaji.

"Kilikuwa cha bluu," akasema. "Kile kikombe."

Kisha akaniambia ninywe chai yangu, inapoa.

Niliituma usiku ule, maneno 496. Ufadhili sikuupata. Jibu lilikuja na aya moja, nayo ilikuwa kwa wingi: tunasikitika kukujulisha. Ninasoma umahiri hapa hapa nchini, kwenye chuo ambacho fomu yake haikuniuliza mimi ni nani. Iliuliza wastani wa alama zangu. Katika tasnifu bado ninaitwa mtafiti, na sigombani na utaratibu. Ila kuna ukurasa mmoja, wa shukrani, ambao nafsi ya kwanza inaruhusiwa. Nimeuandika kabla ya sura ya kwanza.

Juzi dada alipiga simu akauliza nimemwandikaje humo.

"Nimeandika jina lako lote," nikamwambia. "Dada yangu, mfanyabiashara wa ndizi, Kiwira."

Akafikiri kidogo. "Weka wa jumla," akasema. "Mfanyabiashara wa jumla."

Nikaongeza.