Mwanao anakesha kwenye kompyuta? Muulize anamtengenezea nani

"Baba, hujalala tu?"

"Bado kidogo, mama. Namalizia."

Ni saa sita usiku, Buswelu. Kijana ana kazi yake mjini, mshahara anapata, na asubuhi anatakiwa kuwahi daladala. Lakini kila jioni akishakula anafunga mlango na kuwasha kompyuta tena. Mzazi anabaki na maswali. Huyu anacheza kamari? Kama kazi anayo, anatafuta nini usiku wote huu?

Kwa watu wanaoandika programu za kompyuta, hali hii si ngeni. Mchana mhandisi wa programu hutengeneza anachoagizwa: mfumo wa ankara, wa mishahara au wa kusajili wagonjwa. Usiku hujaribu wazo lake mwenyewe, ambalo hakuna bosi aliyeliomba. Mengi ya mawazo hayo hufia njiani. Machache hufika mbali, na mfano mmoja uko ng'ambo ya ziwa hili hili, Kampala.

Brian Gitta alikuwa akisomea kompyuta Chuo Kikuu cha Makerere alipougua malaria. Ilibidi apimwe damu mara nne ndipo ugonjwa ukaonekana. Akaanza kujiuliza kama malaria inaweza kupimwa bila kumtoboa mtu. Yeye na wenzake wakaanza kutengeneza kifaa, wakakipa jina la Kiswahili: Matibabu.

Kifaa hicho hubanwa kwenye kidole. Hupitisha mwanga mwekundu kwenye ngozi, na kwa msaada wa sumaku hutafuta mabadiliko ambayo vimelea vya malaria huyaacha kwenye damu. Jibu hutumwa kwenye simu ndani ya dakika moja.

Mwaka 2013 timu hiyo ilipeleka wazo lake kwenye shindano la Imagine Cup la Microsoft, nchini Urusi. Mwezi Juni 2018, jijini Nairobi, Gitta akatunukiwa Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, yenye pauni 25,000. Alikuwa na miaka 24, Mganda wa kwanza kuipata.

Mzazi asiangalie pauni tu. Aangalie na ile miaka mitano katikati, na mahali wazo lilipotoka. Halikutoka kwenye kompyuta. Lilitoka kwenye homa, na kwenye kidole kilichochoka kutobolewa. Kuandika programu pekee kusingetosha: ilibidi timu ielewe mwanga, damu na vimelea, ifanye kazi na watu wa afya, na ivumilie majaribio.

Ndiyo maana kijana asiyetoka chumbani hujinyima. Anayekwenda na shangazi yake Mwaloni Kirumba kununua dagaa huona jinsi wafanyabiashara wanavyohesabu mali na madeni kwenye daftari. Anayempeleka bibi kliniki huona foleni inavyokwenda. Mpira wa jioni, kwaya na bustani ya mchicha nyuma ya nyumba humkutanisha na watu ambao siku moja wanaweza kuhitaji anachokijua.

Mwili nao una haki yake. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata kutembea kwa haraka kunatosha. Anayekaa mbele ya kompyuta apumzishe macho kila dakika 20 kwa kutazama kitu kilicho mbali, na ainuke anyooshe mgongo.

Badala ya kuzima umeme kwa hasira, mzazi akae na mwanawe siku ya mapumziko amuulize: Hiki unamtengenezea nani? Huyo mtu umeshamwonyesha? Unafanya na nani? Kijana mwenye kazi ya kweli ataeleza mpaka chai ipoe. Asiyekuwa na jibu, huku fedha zake zikipotea bila maelezo, anahitaji mazungumzo ya aina nyingine, na yasicheleweshwe.

Neno la mwisho ni kwa wenye watoto wadogo. Tuzo ya Gitta haikufuta kipimo cha damu. Mtoto akipata homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, wala isizidi saa 24, apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria. Na kama kaka yake mwandika programu yuko nyumbani, ndiye awasindikize, na kompyuta aiache nyumbani.