Baba Alininunulia Oili kwa Mapenzi, Gari Likaikataa

Kuna MC mmoja wa harusi huku kwetu Tarime, jina kapuni, ila nikianza tu kumwelezea wenyeji mtamjua. Crown nyeusi, rimu zinawaka, muziki akiufungulia Nkende watoto wanatoka nje kucheza. Mwaka juzi gari likamzimikia katikati ya msafara wa maharusi, moshi wa bluu nyuma kama anafukiza mbu. MC wa watu akamalizia safari kwa bodaboda, suti yake na maiki mkononi. Tulicheka mpaka basi, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Baadaye ikajulikana kwamba hajamwaga oili kwa muda ambao hata yeye mwenyewe haukumbuki. Hela ya rimu alikuwa nayo, ya oili alikuwa anasema "wiki ijayo".

Sasa wadau, cheka taratibu. Haikupita miezi sita zamu ikawa yangu. Na kesi yangu ilikuwa mbaya kuliko ya MC, maana yeye alisahau oili. Mimi niliweka oili isiyo ya gari langu huku moyoni nina mashaka, kwa sababu nilishindwa kumwambia baba yangu hapana.

Ngoja niwape stori yote.

Mwenzenu nimeweka akiba miaka minne Mwanza, vikoba viwili, mishahara mingine naipitia tu kuisalimia, mpaka nikapata Vitz ya 2012, cc 1,300. Kagari kadogo lakini kangu. Aliyeniuzia aliniambia neno moja nikalisikia nusu: "Dada, hii inakunywa sifuri W ishirini, usichanganye." Nikasema sawa, akili yote ipo kwenye kadi ya gari.

Desemba nikakapeleka nyumbani kumwonyesha mzee.

Hapa inabidi mumjue baba kidogo. Ni dereva wa lori mstaafu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha nikiwa kidato cha pili, kwenye pikapu ya jirani, jioni barabara ikiwa tupu. Jirani mwingine akamuuliza, "Huyo binti si ungemwacha akue aolewe, ng'ombe waje? Usukani wa nini?" Baba akajibu, "Ng'ombe watakuja, na gari atajua." Hilo jibu nimeishi nalo. Kwa hiyo siku naingia Nkende na gari langu mwenyewe, mzee alizunguka Vitz mara tatu bila kusema kitu. Akagonga boneti kwa vidole. Akaingia ndani, akarudi na galoni mbili za lita nne nne, mpya, hazijafunguliwa.

"Hii ni zawadi yako," akasema. "Umetoka mbali, mwaga hiyo ya Mwanza uweke hii. Ni namba arobaini, nzito. Haitakuacha njiani. Moja weka, moja utunze."

Nikaangalia galoni. SAE 40. Nikakumbuka sifuri W ishirini. Mdomo ukafunguka, ukafunga.

"Asante tata."

Ndiyo ilivyokuwa. Mzee wa miaka hiyo ametoa hela yake ya pensheni kununua oili, mbele ya majirani, halafu mimi niseme siitaki? Fundi wa mtaani akaitwa, akafungua nati ya sampu, oili ya zamani ikashuka. Filta hakubadilisha, alisema "bado nzima hii". Akamimina galoni lote mpaka tone la mwisho, wakati kainjini kale hata lita nne hakafikishi. Dipstiki ikapita alama ya juu. Nilipouliza akasema, "Ikizidi kidogo ndiyo raha yake, sista."

Kesho yake alfajiri, mnaijua baridi ya Tarime, nikawasha gari. Ka-ka-ka-ka-ka. Sekunde kadhaa za kelele juu ya injini, halafu ikatulia. Nikajiambia labda ni baridi. Siku ya pili hivyo hivyo. Na gari likawa zito, unakanyaga mafuta lenyewe linafikiria kwanza.

Siku ya nne nilikuwa nampeleka mama kliniki ya macho Musoma, miadi ambayo alikuwa ameisubiri muda mrefu. Kabla hatujafika daraja la Kirumi, taa ya injini ikawaka, ile ya njano. Nguvu ikapungua. Nikapaki pembeni, jua linachoma, mama amekaa na kitenge kichwani. Nikaanza kulia, kusema kweli. Nikamwambia kila kitu, kwamba nadhani ni oili ya baba na niliogopa kumwambia.

Mama akaniangalia na hayo macho yake yanayoumwa. "Baba yako ukimwambia ukweli hafi. Lakini hii gari ukiinyamazia, itakufa." Akasimamisha Hiace, akapanda, akaenda zake kliniki. Mimi akaniacha pale na Vitz yangu.

Lilipopoa nikaliendesha polepole mpaka Musoma, nikaelekezwa kwa fundi mmoja kijana anayepima gari kwa kompyuta. Akachomeka kile kifaa chake, ikatoka P0011. Akaniuliza swali moja tu: "Umemwaga oili lini, na umeweka ipi?"

Nikamwambia. Hakucheka. Akafungua droo ya dashibodi, akatoa kile kitabu ambacho mimi nilikiona siku ya kununua nikakirudisha, maana ni Kijapani kitupu. Akafunua kurasa za mwisho, akaweka kidole. Katikati ya yale maandishi nisiyoyajua kulikuwa na kitu ninachokisoma vizuri kabisa: 0W-20. Namba hazina lugha, wadau. Jibu lilikuwa kwenye gari langu muda wote, karibu na magoti yangu.

Halafu akanipa darasa, nami nawapa bure.

Hiyo W watu wengi wanadhani ni "weight", yaani uzito. Hapana, ni "winter", baridi. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, na ikiwa ndogo inapanda haraka. Namba ya mwisho inaeleza uzito wake injini ikishapata moto, wanapima kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo 0W-20 na 20W-50 ni vitu viwili tofauti kabisa. Na SAE 40 tupu, isiyo na W, haijapimwa kwa ajili ya kuwasha na baridi. Ile ka-ka-ka ya alfajiri ilikuwa vyuma vya juu vinasubiri oili ipande.

Pili, injini za siku hizi oili hazilainishi tu, zinafanya nayo kazi. Ile VVT-i unayoiona imeandikwa kwenye gari za Toyota inabadilisha muda wa valvu kufunguka kwa kusukumwa na presha ya oili, ikipita kwenye vitundu vidogo na kichujio kidogo sana. Oili ikiwa nzito inachelewa. Kompyuta inaamuru kamshafti ikae mahali fulani, haifiki kwa wakati, kompyuta inakuwashia taa. Malori aliyoendesha baba hayakuwa na hayo mambo. Nafasi za vyuma zilikuwa kubwa, oili nzito ilizijaza vizuri.

Tatu, na hii ndiyo iliyonishtua, akanigeuzia galoni nyuma. Kulikuwa na herufi: API SF/CD. S ni kwa injini za petroli, C ni za dizeli, na herufi ya pili kadiri inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi. API wenyewe, ile taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga hayo madaraja, wanasema SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Gari langu ni la 2012! SN ilikuja 2010, SP ikaja 2020. Nilikuwa nimeivisha Vitz yangu nguo ya bibi.

Naomba niwe mkweli pia, maana sitaki mtu aende kumtukana fundi wake. Oili ile haikuua injini kwa siku nne. Fundi alipofungua alikuta kile kichujio cha valvu kina uchafu wa zamani, na filta ilikuwa imechoka. Oili nzito na kule kuzidisha ndivyo vilivyomalizia. Na kuna injini ambazo kitabu chake kinaruhusu zaidi ya namba moja, hata 20W-50, kulingana na joto la mahali. Hivyo usije ukachukua 0W-20 yangu ukaiweka kwenye Noah ya shemeji yako. Soma kitabu cha gari lako.

Akamwaga yote, akasafisha valvu, akaweka filta mpya na 0W-20 yenye SP, kidogo kidogo akipima dipstiki mpaka ikakaa kati ya alama mbili. Oili ya zawadi tungeweza kununua mbili kwa bei ya ile moja. Iliniuma. Lakini nikikumbuka bei ya injini ya kubadilisha, nanyamaza.

Jioni nikamchukua mama, dawa ya macho mkononi, tukarudi. Gari linateleza. Mimi tumboni ngoma zinapigwa, maana mzee yupo nyumbani.

Nilimkuta chini ya mwembe. Nikapiga goti. "Shikamoo tata. Nina neno." Nikamweleza, sikuficha, na hata ile sehemu ya kumwogopa. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikajuta.

Halafu akaanza kusimulia kitu ambacho sijawahi kukisikia maishani mwangu. Kwamba zamani, mimi sijazaliwa, alikuwa amebeba pamba, injini ya lori ikakamata porini usiku kwa sababu tajiri alimpa oili nyepesi ya bei rahisi, tena pungufu. Akalala na lile lori siku tatu. Tajiri akamkata mshahara miezi mingi, nyumbani wakala uji. "Nikaapa," akasema, "mtu wangu hatatembea na oili nyepesi."

Mimi hapo sikuwa na la kusema. Kumbe lile galoni lilikuwa siku tatu za porini. Alikuwa ananikinga na kitu kilichompata yeye.

Akafuta miwani yake kwa shati. "Hiyo yako imeandikwa wapi?"

Nikaleta kitabu. Akaangalia yale maandishi ya Kijapani, akafika kwenye namba, akasoma kwa sauti, "Sifuri, W, ishirini." Akaniambia nifungue boneti. Akachomoa dipstiki, akasugua oili kati ya vidole viwili, akacheka. "Maji haya! Wajapani nao!" Kisha akaifuta kwa kitambaa, akairudisha taratibu. "Kama waliomtengeneza ndio wamesema, mimi ni nani."

Galoni la pili halikutupwa. Baba mdogo ana mashine ya kusaga ya dizeli, ile ya zamani inayopiga tu-tu-tu mtaa mzima. Hiyo ndiyo ilikuwa inaitaka SAE 40 yenyewe. Oili haikuwa mbaya, ilikosea mlango tu.

Kwa hiyo wadau wangu wenye IST, Vitz, Passo na wale wa madaraja ya juu, nawaachia machache niliyolipia ada:

Fungua kitabu cha gari, hata kama ni Kijapani, tafuta namba yenye W. Kama hakipo, angalia mfuniko wa oili, gari nyingine wameandika pale pale, au uliza injini hiyo inatumia nini kabla hujauliza bei.

Soma nyuma ya kopo, tafuta API. Petroli ni S. Ukikuta herufi za zamani kwenye gari jipya, rudisha.

Badilisha oili na filta pamoja, na pima dipstiki mwenyewe gari likiwa mahali tambarare. Kuzidi ni tatizo kama kupungua.

Barabara zetu za vumbi na safari fupi fupi zinachosha oili haraka. Mimi namwaga kila kilomita 5,000.

Nunua kopo lenye muhuri mzima, duka unaloweza kurudi ukalalamika. Likiisha litoboe, wapo wanaoyaokota na kuyajaza tena.

Na la mwisho, kama aliyekupa ushauri mbaya ni mtu anayekupenda, mwambie mapema na kwa heshima. Mimi niliogopa kumwaibisha mzee mbele ya majirani, nikaishia kumweka mama juani kando ya barabara.

Siku hizi nikipiga simu nyumbani, baba hasemi "umekula?" kwanza. Anauliza, "Dipstiki inasemaje?" Na nasikia yule MC wetu alipita pale Nkende na gari lake lililofufuka, akasimama kumsalimia mzee. Mzee akamwambia azime muziki kwanza, afungue boneti.

Wewe la kwako linakunywa nini? Usinijibu kwa kukisia. Nenda kaangalie halafu urudi.